Kumpima Mwanafunzi Mgeni Asiye na Hati

Mwanachuo atakayepelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha Nyarero, au katika shule nyingine ya wilaya ya Tarime, asishangae akikutana na mtoto aliyetoka ng'ambo ya mpaka. Mpaka huo ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, ukawagawa Wakuria mafungu mawili. Lakini ndoa na biashara hazikuacha kuuvuka. Mama huhama kutoka Kehancha pamoja na wanawe, na mtoto hufikishwa mbele ya mwalimu mkuu bila hati ya uhamisho wala ripoti ya maendeleo. Je, aingie darasa la ngapi?

Nimewahi kuona jibu baya la swali hilo. Katika shule moja nilimkuta msichana wa miaka 12 ameketi darasa la kwanza, magoti yakigusa dawati, kwa sababu tu hakuwa na karatasi. Asubuhi aliandika herufi pamoja na watoto wadogo. Jioni aliuza mboga sokoni akihesabu fedha za nchi mbili. Kabla ya muhula kwisha aliacha shule. Madhumuni ya somo hili ni kumwezesha mwanachuo kuliepuka kosa hilo.

Hati na Ujuzi

Hati ni ushahidi wa ujuzi. Si ujuzi wenyewe. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alilaumu mafunzo yanayomfanya mwanafunzi adhani kuwa maarifa yote yenye thamani hutoka vitabuni au kwa waliosoma. Historia ya nchi yetu inamuunga mkono. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 waliopelekwa Katumba, Ulyankulu na baadaye Mishamo, wengi wao hawakuja na vyeti, bali walikuja na elimu ya kilimo. Walipopewa ardhi, wakajilisha. Na kufikia mwaka 1985 makazi yale yalikuwa yamekabidhiwa kwa Serikali. Shamba ndilo lililokuwa mtihani wao.

Kwa watu wazima, kazi hii ina utaratibu rasmi. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina mpango wa urasimishaji ujuzi. Fundi aliyejifunza kazi nje ya chuo huhojiwa, hupimwa kwa vitendo, hufundishwa pale alipopungukiwa, kisha hutunukiwa cheti. Kadhalika Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo Namba 195 la mwaka 2004, lilizitaka nchi zitambue ujuzi wa watu popote walipoupata, na kuwaangalia hasa wafanyakazi wahamiaji. Mwalimu wa shule ya msingi aweza kuifuata njia hiyo hiyo kwa mtoto.

Hatua za Upimaji

Kwanza, mazungumzo. Muulize mtoto alisoma wapi, alifikia wapi, na nyumbani hufanya kazi gani. Zungumza naye kwa lugha aliyoizoea. Iwapo hujui Kikuria, mtumie mkalimani ambaye si ndugu yake, kwani ndugu hujibu kwa niaba yake.

Pili, kazi ya vitendo. Tuchukue mfano wa hesabu. Mtoto aliyesoma Kenya aghalabu hufundishwa kwa Kiingereza kuanzia darasa la nne, ilhali shule zetu nyingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Ukimwandikia “Tafuta tofauti ya 5,000 na 3,350”, huenda akanyamaza. Mpe noti ya shilingi 5,000, umwambie umenunua vitu vya shilingi 3,350, naye akurudishie chenji. Akikupa shilingi 1,650 bila kusita, basi hesabu anaijua; kilichomshinda ni neno “tofauti”.

Tatu, maandishi. Usiridhike na chenji. Mpe kwenye karatasi 1,002 kutoa 478, aipange wima. Akikosa 524 kwa kutojua kukopa, umeligundua pengo halisi la kufundishwa. Vivyo hivyo katika kusoma: asome aya fupi kwa sauti, kisha asimulie maana yake. Yuko asomaye vizuri asielewe, na yuko aelewaye akisomewa.

Nne, uamuzi na kumbukumbu. Andika ulichokiona, wala si ulichokidhani. Usiandike “hajui hesabu”, andika “hutoa kwa kichwa hadi maelfu, hajui kukopa kwa maandishi”. Kumbukumbu hiyo ipeleke kwa mwalimu wa taaluma na mwalimu mkuu, ambao ndio wenye kuamua darasa. Baada ya majuma mawili mtoto apimwe tena, kwa maana siku ya kwanza mgeni huwa na hofu.

Tahadhari

Kutambua ujuzi si kumhurumia mtu. Ukimpandisha mtoto darasa asiloliweza, umemdhuru sawasawa na yule aliyemshusha. Tena, kumpima mtoto si kuamua uraia wake. Jambo hilo lina ofisi yake, nawe usiligeuze dawati lako kuwa kizuizi cha mpakani. Yule ambaye umri umempita na bado hajui kusoma, uliza juu ya MEMKWA, mpango uliowekwa kwa ajili ya watoto waliokosa elimu ya msingi.

Yule msichana wa sokoni hakukosa akili. Alikosa mwalimu wa kumpa noti moja na dakika kumi. Mwanachuo, dakika hizo unazo.

Maswali ya Kujadili

1. Taja kazi tano wazifanyazo watoto wa Tarime nyumbani, machungani na sokoni. Kila moja hudhihirisha maarifa gani ya shuleni?

2. Mvulana wa miaka 11 asiye na hati asoma Kiingereza vizuri lakini Kiswahili chake ni kidogo. Andaa upimaji wa sayansi ambao hautamwadhibu kwa sababu ya lugha.

3. Mzazi akudai umwingize mwanawe darasa la tano, nawe umeona kuwa aiweza kazi ya darasa la tatu. Utamweleza nini, na kwa ushahidi gani?