Koo Limepona, Figo Zimevimba: Somo la Kuuliza Kabla ya Kuhukumu



Likizo iliyopita mdogo wangu wa miaka 7 aliamka uso umevimba, hasa kuzunguka macho. Mimi, msomi wa nyumba, nikasema amelala vibaya. Kesho yake mkojo ulikuwa kama chai ya rangi. Tukamkimbiza kituo cha afya.

Daktari alianza kwa swali: "Mama, wiki mbili tatu zilizopita mtoto aliumwa koo?" Mama akakumbuka. Aliumwa, tukampa asali na maji ya moto, akapona, tukasahau.

Alitueleza hivi. Bakteria wa streptokoka wakishambulia koo, mwili hutengeneza kingamwili. Baadaye kingamwili hizo, pamoja na mabaki ya bakteria, hunasa kwenye vichujio vya figo na kuvivimbisha. Hutokea wiki 1 hadi 3 baada ya koo kuuma. Chanzo kikiwa vidonda vya ngozi, wiki 3 hadi 6.

Ugonjwa huu hutambuliwa kwa hatua hizi:

1. Historia: koo au vidonda vya siku zilizopita.
2. Mwili: uvimbe, mkojo kupungua, na shinikizo la damu. La mdogo wangu lilikuwa juu, na likiachwa linaweza kuleta degedege.
3. Mkojo: hutafutwa damu na protini.
4. Damu: kipimo cha ASO huonyesha kwamba streptokoka walipita, hata kama koo sasa ni safi. Protini ya kinga iitwayo C3 huwa imeshuka. Kreatinini huonyesha figo zinachuja kiasi gani.

C3 kwa kawaida hurudi ndani ya wiki 6 hadi 8. Isiporudi, daktari hutafuta ugonjwa mwingine, na huenda akachukua kipande kidogo cha figo kukichunguza.

Ndugu zangu, darasani tunafundishwa kutopokea habari mpaka tuifuatilie isnadi yake, mpokezi kwa mpokezi. Nyumbani niliusahau mwendo huo: nikatoa hukumu juu ya uso wa mtoto bila kuuliza kilichotangulia. Kujitibu ni katika mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.), na kumweleza daktari habari kamili ni sehemu ya kujitibu.

Basi mtoto akiumwa koo na homa, apimwe, na tarehe ikumbukwe. Uso ukivimba au mkojo ukibadilika rangi, usingoje kesho kama nilivyongoja mimi.

Mdogo wangu amepona, alhamdulillah. Wabillahi tawfiq.