JOTO INAYOPITA CHINI YA NJIA
Namna muji ya Copenhagen inanunua joto na kutunza matiyo yake



Ku mukutano wa wanafunzi wa mwezi uliopita mulisikia makelele. Komite ilisema kila mwanafunzi atoe kitu kidogo kila trimestre juu ya kutunza tiyo ya maji inayotoka ku chemchem. Ndugu mumoja wa kalasi ya tatu akasimama, akauliza: "Kapita, tiyo inapitisha maji muzuri, haikupasuka. Sasa ile feza ni ya nini?" Wengi walimupigia mikono. Mimi nilikosa jibu ya kutosha siku ile, na niliona haya kidogo.

Nyuma ya ile nilikwenda kumwona mwalimu wetu wa fizikia. Akacheka, akanipa karatasi za kusoma juu ya Copenhagen, muji mukubwa wa Denmark. Watu wa muji ile wananunua joto pamoja, kama vile sisi tunavyochota maji pamoja, na joto ile inafika ku nyumba zao kwa matiyo chini ya udongo. Nilisoma juma tatu. Ninawaletea ile niliyopata, na mutaona kwamba swali ya ndugu yetu iko ndani yake yote.

Kwanza mufahamu baridi ya kule. Sisi huku, mwezi wa sita na wa saba, asubuhi tunavaa triko na tunasema tunakufa na baridi. Kule, tangu mwezi wa kumi mpaka wa ine, nyumba pasipo joto haikaliwi. Kuko siku nyingi maji inagandamana inje, inakuwa nguvu kama jiwe. Basi joto si raha ya matajiri. Mutoto muchanga, muzee, mugonjwa wa hospitali, wote wanaishi juu yake.

Zamani kila nyumba iliwasha moto yake: makala ya mawe, kiisha mazuti. Moshi ilijaa mu muji. Njia ingine ni hii: kuko mahali pamoja pakubwa pa kuchemsha maji. Maji ya moto inatoka kwa tiyo moja, inafika ku nyumba, inaacha joto yake, inarudi kwa tiyo ya pili kuchemshwa tena. Ni maji ile ile inazunguka mwaka wote, kama damu inavyozunguka kutoka ku moyo na kurudi. Hakuna mutu anayeikunywa wala kuoga nayo. Mu chini ya nyumba kuko kifaa kidogo ambamo maji ya muji na maji ya nyumba inapita karibu karibu, ikitengwa na ukuta mwembamba wa chuma; joto inavuka, maji haichangani.

Wanafunzi wa kalasi ya ine watauliza: mu matiyo makubwa ile maji inaweza kupita digri 100, sasa namna gani haigeuke kuwa mvuke? Jibu ni presio. Maji iliyofungwa na kusukumwa kwa presio ya bar 2 inachemka tu karibu na digri 120. Mama aliye na sufuria ya kufunga na vise anajua jambo hii pasipo kusoma fizikia: maharagi inaiva mbio.

NAMNA WALIVYOANZA

Kazi ilianza mu 1903 ku Frederiksberg, komini ndogo iliyozungukwa pande zote na Copenhagen. Watu wa Frederiksberg walikuwa na shida ya uchafu: nafasi ya kuutupa ilikwisha. Wakajenga mahali pa kuuchoma, na joto ya moto ile wakaipeleka ku hospitali mupya, ku nyumba ya watoto yatima na ku nyumba ya masikini. Ninaipenda sana habari hii. Hawakuanza na nyumba za wakubwa. Tena kitu walichochoma ni kile kila mutu alitaka kiondoke tu.

Mu miaka ya 1920 Copenhagen yenyewe ikaanza kutumia joto iliyokuwa inapotea ku viwanda vya kutengeneza umeme. Mashini ya umeme inayozungushwa na mvuke haiwezi kugeuza joto yote kuwa umeme. Sehemu kubwa inabaki, na pahali pengi wanaitupa ku mutoni ao ku bahari. Wao wakaitia ndani ya matiyo.

Lakini jambo lililowaamsha kabisa ni 1973. Wakati ule zaidi ya 90 kwa mia ya nguvu yote ya Denmark (umeme, joto, motokari) ilitoka ku mafuta ya kununua mu inchi zingine. Vita ikatokea Mashariki ya Kati, inchi za Waarabu zikakaza mafuta, bei ikapanda mara ine hivi mu miezi michache. Mwisho wa mwaka ule serikali ya Denmark ilikataza kutembeza motokari siku ya Mungu. Wale watu walifanana na wale mabikira watano walioamuka usiku kutafuta mafuta wakati duka imekwisha kufungwa.

Basi mu 1979 wakatoa sheria ya joto. Sheria ile iliagiza kila komini ipange: mitaa gani itapata joto ya matiyo, mitaa gani itapata gazi. Nyuma kidogo komini ikapata hata ruhusa ya kulazimisha nyumba kuungwa ku matiyo. Wengine kati yenu watasema ile ni ukali. Mimi pia nilisema hivyo kwanza. Lakini tiyo ni bei kali kuichimbia, na inalipwa polepole kwa miaka makumi. Kama nusu ya nyumba za njia moja zinakataa, nusu ingine itabeba muzigo wote. Leo mu Copenhagen karibu 98 kwa mia ya nyumba zinapata joto kwa njia hii.

NAMNA WANAVYONUNUA

Hapa ndipo nilikawia sana ku kusoma, kwa sababu nilifikiri meya anakwenda tu kununua, anarudi. Haiko vile.

Mu 1984 komini tano (Copenhagen, Frederiksberg, Gentofte, Gladsaxe na Tårnby) ziliunda shirika moja jina lake CTR. Upande wa mangaribi komini zingine zikaunda lingine, VEKS. Mashirika haya ni ya komini zenyewe, si ya mufanya biashara. Yananunua joto kwa wingi ku viwanda, yanaipitisha kwa matiyo makubwa, na kuiuzisha ku kila komini. Mu Copenhagen, shirika la muji linaloitwa HOFOR ndilo linaipokea na kuifikisha mpaka ku nyumba.

Viwanda viko vingi, na joto ya kila kimoja iko na bei yake. Kuko vile vya kuchoma uchafu. Kimoja, Amager Bakke, kilifunguliwa mu 2017 na kinaweza kuchoma zaidi ya tani 400000 kwa mwaka. Ku paa yake walitengeneza kilima cha kuteleza, vijana wanacheza pale juu. Kuko viwanda vikubwa vya kuchoma mbao, vinavyotoa umeme na joto pamoja. Na kuko mashini za kusaidia, za gazi ao mazuti, zinazolala karibu mwaka wote na kuamuka siku za baridi kali.

Sasa, tangu 2008, CTR, VEKS na HOFOR wako na ofisi moja inayoitwa Varmelast. Kila siku ofisi ile inapanga joto ya kesho, saa kwa saa. Wanaangalia hali ya hewa: baridi itakuwa digri ngapi? Viwanda vinasema bei zao. Kiisha wanaanza na ile ya bei ndogo, wanapanda mpaka joto inatosha. Uchafu unakuja kwanza, kwa sababu inapashwa kuchomwa hata hivyo. Mazuti inakuja mwisho. Bei ya umeme nayo inaingia mu hesabu: siku umeme iko na bei muzuri, kiwanda kinachotoa vyote viwili kinapata feza ku umeme, basi joto yake inashuka bei. Saa zingine joto ya bei ndogo iko, lakini tiyo ya kuileta imejaa. Hapo wanapashwa kununua ya bei kali iliyo karibu. Ku mupango ule tiyo na bei ni jambo moja.

Juu ya mbao nisiwafiche: kuko mabishano. Wengine kule wanauliza kama kuchoma miti mingi hivi ni haki ku pori. Na mu 2022, wakati Urusi iliingia mu Ukraine na vita, bei ya mbao za kuchoma ilipanda pamoja na ya gazi. Mutu anayenunua mbali anabaki mu mikono ya wengine, hata kama aliacha mafuta.

Na fakitire ya mwenye nyumba? Iko na sehemu mbili: sehemu ya joto aliyotumia, inayosomwa ku kontere, na sehemu inayolipwa hata kama hakuwasha kitu. Sheria inasema shirika la joto lisitafute faida. Linaweza kudai tu garama ya lazima: kununua joto, mishahara, deni, na kutengeneza matiyo. Feza ikibaki, inarudishwa ku wanunuzi kwa kupunguza bei ya wakati unaofuata. Ikikosa, bei inapanda. Mara ya kwanza nilisoma ile sehemu ya kulipa hata kama haukuwasha kitu, nilifikiri ni wizi. Ndugu wa kalasi ya tatu, hapo nilikukumbuka.

KAZI YA CHINI YA UDONGO

Tiyo ya leo ya joto iko kama muwa wenye maganda: ndani chuma inayopitisha maji, katikati povu nguvu ya kuzuia joto isitoke, inje ganda ya plastiki. Ndani ya povu wanalaza nyuzi mbili za shaba. Kama maji inaingia mu povu, kutoka ndani ao kutoka ku udongo, umeme kidogo unaopimwa ku nyuzi zile unabadilika, na mafundi wanaweza kuhesabu ni metre ngapi kutoka pale walipo. Wanachimba shimo moja tu, mahali pake.

Chuma nayo inarefuka ikipata moto. Tiyo ya metre 100 ikipanda digri 70 inarefuka karibu sentimetre 8. Kama hukuiachia nafasi, itajikunja ao itapasua viungo. Ndiyo sababu wanaweka makono mahali mahali.

Hata maji yenyewe wanaitunza. Wanaondoa chumvi ya mawe na oksijene, kwa sababu oksijene inaleta kutu. Mu miji mingine ya Denmark wanatia rangi ya majani ndani yake; ukiona ku robine yako maji ya kijani, unajua kifaa cha chini ya nyumba kimetoboka.

Tena wanaangalia joto ya maji inayorudi. Fanya hesabu pamoja nami. Kilo moja ya maji ikishuka digri moja inaacha karibu kilojule 4,19. Tani moja ikiingia na digri 80 na kutoka na 40 inaacha kilojule 167600, ndiyo kusema karibu kilowati-saa 46,5. Nyumba inayorudisha maji ikiwa bado moto sana imepitisha maji mingi bure, pompe imetumika bure, na joto imepotea njiani. Basi mu Copenhagen mwenye nyumba ile anaongezewa ku fakitire, na yule anayerudisha maji iliyopoa anapunguziwa.

Sasa musikie habari ya muji ingine: Alchevsk, mashariki ya Ukraine. Muji ile iko na matiyo ya joto ya zamani za Sovieti. Miaka mingi mu inchi ile bei ya joto iliwekwa chini ya garama yake, watu wakafurahi, na feza ya kubadilisha matiyo ikakosekana. Mu mwezi wa kwanza wa 2006, baridi ikiwa karibu digri 30 chini ya sifuri, tiyo kubwa moja ilipasuka. Maji ikasimama. Maji ikisimama mu baridi ile inagandamana, na ikigandamana inavimba karibu 9 kwa mia. Basi matiyo yakapasuka ku nyumba kwa nyumba, mitaa kwa mitaa. Maelfu makumi ya watu walibaki pasipo joto, watoto wengi wakapelekwa mbali na wazazi wao, na kutengeneza ilichukua majuma. Kilichopasuka kwanza kilikuwa tiyo moja.

Mukutano wa wanafunzi utarudia jambo ya muchango juma pili ijayo nyuma ya sala. Komite italeta bei ya viungo na robine za kufunga, ilivyosomwa ku soko, kusudi kila mutu aone. Mafundi wawili wa misioni wamekubali kutembea nasi ku tiyo yote tangu chemchem, na anayetaka kuja alete mupanga na buti.

Zoezi (kalasi ya ine mpaka ya sita): Nyumba moja inapokea maji ya digri 80 na inaitaji kilowati-saa 93 kwa siku. Ikirudisha maji na digri 40, inapitisha tani ngapi? Na ikirudisha na digri 60, ngapi? Majibu mulete ku dirisha ya biblioteka mbele ya siku ya tano.