Jioni Melini, Uvae Nini?

Begi langu lilifika kabini saa nne kasorobo usiku. Chakula cha jioni kilikuwa kimeanza saa kumi na mbili. Kwa hiyo usiku wa kwanza kwenye meli ya watalii, tuliyoipandia bandari ya Galveston kule Texas, nilikula nikiwa na fulana ya safari iliyolegea shingo na raba nilizoshinda nazo tangu alfajiri. Pembeni yangu alikaa mjomba, mzee aliyeshona suti na kanzu Tanga karibu maisha yake yote. Yeye alivaa shati jeupe lililonyooka, suruali ya kitambaa na viatu vyeusi vya ngozi. Vyote alivibeba kwenye mfuko wa mkononi. Hakunisema. Aliiangalia shingo ya fulana yangu, akaendelea na supu yake.

Tangu tuliporudi, swali la mavazi ndilo ninaloulizwa kuliko yote, hasa na wazazi ambao watoto wao walioko Marekani, Uingereza au nchi za Ghuba wamewakatia tiketi. Wapo walioanza kudunduliza fedha za suti mpya. Ningewashauri wasubiri kidogo, wafungue kabati kwanza, upande ule wa nguo za harusi. Mengi watakayohitaji yamo humo.

Tuanze na begi. Bandarini wapagazi hukupokea mabegi makubwa, yakapitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, kisha yakasambazwa kabini hadi kabini. Meli kubwa za siku hizi hubeba abiria zaidi ya elfu tatu, na kila mmoja kaja na mzigo wake. Lako linaweza kufika mchana, linaweza kufika watu wakiwa wamelala. Nguo za kulia chakula siku ya kwanza, pamoja na dawa na pasipoti, ziende nawe mkononi. Afadhali usiku huo huwa hautakiwi kujipamba. Ni desturi ya tangu enzi za meli za kuvuka Atlantiki: usiku wa kwanza masanduku yalikuwa hayajafunguliwa, wa mwisho yalikuwa yameshafungwa, basi nyakati hizo mbili hata abiria wa daraja la kwanza waliingia mezani na nguo za kawaida.

Katikati hapo ndipo penye kazi. Kila siku utapata ratiba, ama kwa karatasi kabini ama kwenye simu kupitia programu ya meli, na humo huandikwa vazi la jioni hiyo. Kila kampuni ina maneno yake ya madaha, lakini ukiyachuja unabaki na ngazi tatu: kawaida, nadhifu na rasmi. Mjomba alizieleza kwa namna yake, na mpaka leo sijapata maelezo bora. Ya kawaida, alisema, ni nguo ya kwendea benki kuomba mkopo. Nadhifu ni ya kwendea kuposa. Rasmi ni ya harusi yenyewe.

Kwa mwanamume, mkopo ni shati lenye kola na suruali ndefu. Jinzi isiyochanika hukubalika katika meli nyingi. Posa ni shati la mikono mirefu na suruali ya kitambaa, na koti ukipenda. Harusi ni suti na tai. Kwa mwanamke, anza na gauni au sketi ya kutokea, umalizie na gauni refu la sherehe. Vitu vinavyokataliwa kwenye ukumbi mkuu wa chakula vinafanana karibu kila meli: nguo za kuogelea, bukta za michezo, singlendi kwa wanaume, na kandambili. Kapelo nayo ivue mlangoni.

Usiku rasmi huwa mara ngapi? Inategemea kampuni na urefu wa safari. Carnival, ambayo Wamarekani wengi huanza nayo, huweka jioni moja ya kupendeza kwa safari ya siku 2 hadi 5, na mbili kwa safari ya siku 6 na kuendelea. Mara nyingi jioni hizo huangukia siku ambayo meli haitii nanga popote. Sababu iko wazi: aliyeshinda juani akizunguka kisiwa cha Cozumel hana hamu ya kufunga tai saa kumi na mbili. Norwegian waliachana na ulazima wa suti tangu mwaka 2000. Celebrity walifuta usiku rasmi mwaka 2015, wakabaki na jioni za unadhifu tu. Viking hawana usiku rasmi. Virgin Voyages, ambao hawapakii watoto, hawadai vazi lolote, ila wana usiku mmoja ambao meli nzima huombwa kuvaa chekundu. MSC na Costa, kampuni zenye asili ya Italia, hupenda kuwa na usiku wa nguo nyeupe. Mwenye kanzu hapo hana la kutafuta.

Taratibu hizi hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo soma ukurasa wa kampuni yako wiki chache kabla ya safari, usitegemee alichokumbuka shemeji aliyesafiri miaka sita iliyopita.

Cunard ni habari nyingine, na abiria wengi wa kutoka Uingereza watakutana nayo. Meli yao Queen Mary 2, iliyoanza kazi mwaka 2004, huvuka kati ya Southampton na New York, kwa kawaida usiku 7, na katika safari hiyo huwamo usiku wa gala. Hapo wanaume huvaa suti nyeusi ya tai ya kipepeo, au suti ya rangi nzito yenye tai ya kawaida. Narudia hilo la pili kwa sababu ndilo linalowagharimu watu bure: huhitaji kununua suti ya tai ya kipepeo. Suti ya bluu iliyokoza uliyovaa kwenye harusi ya mdogo wako inatosha. Tofauti ya Cunard na wengine ni kwamba katika meli nyingi za Kimarekani masharti huishia mlango wa ukumbi wa chakula, ilhali kwao yanaenea sehemu kubwa ya meli usiku huo. Asiyetaka anabakiwa na maeneo machache, kama ukumbi wa bafe wa Kings Court na baa ya Golden Lion.

Bafe, kwa kweli, ndiyo kimbilio kila mahali. Hakuna anayelala njaa melini kwa kukosa tai. Unapanda ghorofa ya juu na nguo zako za kawaida, unachukua sahani, unakula. Chakula ni kizuri. Lakini kama umesafiri na mwenzako aliyeshona gauni kwa ajili ya usiku ule, usimwambie twende bafe. Hilo si suala la mavazi tena.

Sasa kanzu. Kampuni kadhaa, Cunard ikiwamo, hutaja waziwazi kwamba vazi rasmi la taifa la abiria linakubalika usiku wa gala, kama Mskochi anavyoingia na kilti yake. Wenye asili ya pwani wengi hawalijui hili, wanajibana kwenye suti za kuazima. Sisi usiku wetu rasmi mjomba alitoka kabini na kanzu ya rangi ya maziwa yenye darizi nyembamba shingoni, koti jeusi juu yake, na kofia ya viua. Nilikuwa na wasiwasi na ile kofia. Mhudumu wa mlangoni aliangalia kishikwambi chake, akamwangalia mjomba kuanzia kofia hadi viatu, akasema kwa adabu kwamba meza yetu iko tayari. Basi.

Tulipoketi, mjomba aliinama kidogo upande wangu. "Mjomba, watazame mabega," alininong'oneza. "Nusu ya suti za humu ni za kukodi." Nikatazama. Ni kweli, mabega ya makoti yalikuwa yamewapita wenyewe kwa vidole viwili, na mikono ikafunika mpaka kwenye vifundo vya vidole gumba. Aliniambia kwamba koti likikukaa begani, mengine yote fundi wa mtaani anaweza kurekebisha kwa siku moja. Lisipokukaa begani, liache dukani. Huo ndio ushauri wa suti ninaoutoa mimi pia, ingawa si wangu.

Kanzu ina mambo mawili ya kuangalia. Kwanza viatu. Kwetu kanzu na makubadhi ni ndugu, lakini mlinda mlango wa melini huona ndara tu. Vaa viatu vya kufunika vidole, usimpe sababu. Pili, kofia na kilemba si kapelo, wala hijabu si kofia. Ukiulizwa, sema kwa utulivu kwamba ni sehemu ya vazi. Kuhusu suti ya Kaunda, nitakuwa mkweli: kwa jioni ya nadhifu, yenye mikono mirefu na iliyoshonwa vizuri, inapendeza kuliko blaza nyingi nilizoziona. Kwa gala ningeuliza kwanza. Hata Bunge la Kenya liliipiga marufuku Novemba 2023, wakati rais wa nchi hiyohiyo huivaa hadharani. Sembuse mhudumu ambaye hajawahi kuisikia.

Akina mama wana uwanja mpana zaidi. Kitenge kilichoshonwa gauni refu, gomesi ya Uganda, mushanana ya Rwanda na buibui la kutokea lenye nakshi vyote vinaingia usiku rasmi bila mjadala. Dera linategemea ni dera gani. Lipo la shughuli, la hariri au shifoni, na lipo la kupikia, wenyewe mnayajua. Kanga zichukue, zitafaa bwawani, kwenye baraza ya kabini na kujifunika kwenye ndege, lakini mezani usiku wa gala ningechagua kitenge. Vito vya gharama viacheni nyumbani.

Chukua mtandio mzito au shali. Hili si pambo. Kumbi za chakula hupulizwa kiyoyozi kana kwamba wanahifadhi samaki, na mlo wa jioni huchukua saa moja na nusu au zaidi. Mwanamke aliyekaa meza ya jirani yetu, mabega wazi, alimaliza kula amejitanda kitambaa cha meza.

Visigino virefu navyo vifikirie mara mbili. Meli ikiwa bandarini sakafu imetulia kama ya msikiti. Ikishika bahari kuu, kuna nyakati inainuka taratibu chini ya mguu wakati umeshauweka. Ukumbi wenyewe waweza kuwa mbali na kabini yako kwa mwendo wa dakika kadhaa na lifti zimejaa. Kisigino kifupi na kinene kinatosha. Mkoba nao uwe mdogo. Hutahitaji pochi wala fedha taslimu, kwa kuwa kadi ya kabini ndiyo ufunguo na ndiyo malipo. Ila hiyo kadi lazima ikae mahali, na magauni mengi hayana mifuko. Mwambie fundi akuwekee mmoja ubavuni.

Pasi hairuhusiwi kabini, wala ile ya mvuke, kwa kuogopa moto. Ukiibeba itazuiwa kwenye ukaguzi na utaipata siku ya kushuka. Baadhi ya meli zina chumba cha kufulia chenye pasi za abiria; nyingine zina huduma ya kulipia. Njia ya bure ni hii: tundika kanzu au gauni kwenye hanga bafuni, oga maji ya moto mlango ukiwa umefungwa, liache humo dakika kumi na tano, kisha lipapase kwa kiganja kuelekea chini. Mikunjo ya begi hulegea. Pamba nzito na kitani havitii sana. Shifoni hutii mara moja.

Usiku rasmi utakuta wapiga picha wamesimama ngazini na mapazia yao. Piga picha ukitaka, ni bure kupigwa. Kuichukua ndiko kuna bei, na bei hiyo si ndogo. Mwombe mwenzako akupige kwa simu palepale ngazini.

Jambo moja nje ya ukumbi, kwa sababu hukaa kwenye begi hilohilo: nguo zenye mabaka ya kijeshi usizibebe. Jamaica, Barbados na nchi nyingine kadhaa za Karibi zinamkataza raia kuzivaa, hata kaptura ya mtoto.

Usiku wa mwisho mabegi makubwa hufungwa lebo na kutolewa nje ya mlango kabla ya muda uliotajwa kwenye ratiba, mara nyingi kabla ya saa sita usiku. Wahudumu huyakusanya, na hutayaona tena hadi ukumbi wa bandari asubuhi. Tuliteremka Galveston nyuma ya bwana mmoja aliyevaa koti la suti, kaptura ya kulalia na slipa za kabini. Kabla hujafunga zipu, weka kitandani nguo za kushukia, kuanzia chupi hadi viatu.