ELIMU KWA UMMA: Linda Kitako cha Tangi la Samaki dhidi ya Mawe na Samaki Wachimbaji

Matangi ya kioo ya kufugia samaki wa mapambo sasa yanaonekana hotelini, shuleni, kwenye kumbi za kusubiria wagonjwa na sebuleni mwa wakazi. Tangi kama hilo likipasuka kitako usiku, hasara si samaki pekee. Tangi la urefu wa sentimita 100, upana 40 na kina 50 hubeba lita 200 za maji. Maji hayo yote huishia sakafuni, mahali ambapo aghalabu pana waya wa pampu na soketi ya umeme.

Watu wengi hudhani kioo huvunjwa na uzito. Hilo ni nusu ya ukweli tu. Lita 200 za maji zina uzito wa kilo 200, lakini uzito huo umetandazwa sawasawa juu ya kitako chote, kiasi cha gramu 50 kwa kila sentimita mraba. Sasa chukua jiwe la kilo 10. Ndani ya maji huwa jepesi kidogo, na hukandamiza kwa takriban kilo 6. Likisimama kwa ncha moja isiyozidi ukucha wa kidole, kilo hizo 6 zote huangukia sentimita moja ya mraba. Shinikizo hapo ni zaidi ya mara 100 ya lile la maji. Chembe moja ya kokoto ikinaswa chini ya ncha hiyo, kioo hukwaruzika, na ufa huanzia kwenye mkwaruzo.

Kisha kuna samaki wenyewe. Wafugaji wanaopenda furu wa Ziwa Victoria, ngege wadogo, au wale wenye rangi kali wa Ziwa Malawi wanaoitwa mbuna, wanajua kuwa jamii hii haitulii. Ngege dume, akitaka kuzaliana, huchota mchanga kwa mdomo na kuutema pembeni hadi apate shimo la duara. Tabia hiyo haikomeshwi; ndivyo alivyoumbwa, naye ziwani hufanya vivyo hivyo. Tatizo ni letu tunaotandaza mchanga kwanza kisha tukapanga mawe juu yake. Samaki akichimba chini ya jiwe, jiwe hukosa egemeo, huinama, halafu huanguka. Pigo la jiwe linaloanguka ni kali kuliko uzito wake likiwa limetulia.

Kwa hiyo utaratibu ugeuzwe. Safisha kitako, hakikisha hakuna hata punje ya mchanga, kisha tandika kipande cha plastiki tambarare kisicho na rangi ya kuchuja. Ubao wa plastiki wa kukatia mboga unafaa kabisa, na bei yake ni nafuu kuliko kioo kipya. Weka mawe makubwa juu ya plastiki hiyo, upande mpana ukiwa chini. Jiwe la juu liegemee mawe mengine, lisiegemee kioo cha ubavuni. Litikise kwa mkono; likicheza, ligeuze. Mchanga uje mwisho, sentimita tatu hadi tano, ukijazwa kuzunguka mawe. Samaki akichimba hadi chini kabisa, atakutana na plastiki na jiwe halitasogea.

Wanaotaka kujenga pango refu waunganishe mawe kwa silikoni ya kawaida isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kwani dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Iache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo kabla ya kutia maji.

Nje ya tangi pia pana kazi. Meza ipimwe kwa pimamaji. Tangi ambalo kioo chake cha chini kinakalia meza moja kwa moja litandikiwe povu jembamba kuziba mabonde madogo. Lile lenye fremu ya plastiki inayoinua kioo lisitandikiwe povu, maana povu litasukuma kioo kwenda juu. Muulize fundi wako tangi lako ni la aina gani.

Kama tayari mawe yako yako juu ya mchanga, usilisogeze tangi likiwa na maji. Hamishia samaki kwenye ndoo yenye maji yao yale yale, punguza maji, toa mawe kuanzia la juu, kisha panga upya. Ukiona ufa kitakoni, usiupake silikoni na kuendelea. Kioo hicho kibadilishwe.

Na tangi likianza kuvuja, usiguse maji wala waya. Zima umeme kwenye swichi kuu kwanza, ndipo ushughulikie samaki.