Santuri Kongwe Katika Toleo Jipya: Usafi wa Sauti na Ukweli wa Sauti

Mnamo Novemba 1969 Mkuu wa Mkoa wa Pwani, mkoa ambao wakati huo ulijumuisha pia Dar es Salaam, alipiga marufuku muziki wa soul. Mabishano yaliyofuata katika kurasa za barua za magazeti yalikuwa makali. Wengine waliuona muziki huo kuwa ni ukoloni wa utamaduni. Wengine wakauliza iweje sauti ya watu weusi wa Marekani, waliokuwa wakidai haki zao, ihesabiwe kuwa ya mkoloni. Vijana wa siku zile sasa ni wazee wenye wajukuu, na santuri walizozichezea zimerudi sokoni. Albamu za Otis Redding, Aretha Franklin na James Brown za mwisho wa miaka ya 1960 zimetolewa upya mara nyingi: kama santuri, kama sahani za leza, na sasa kama mafaili ya kusikilizwa kwenye simu. Muziki wetu wa dansi nao umepata bahati hiyo. Mwaka 2007 kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa ilitoa, katika mfululizo wake uitwao Zanzibara, albamu nzima ya nyimbo za bendi za Tanzania za miaka ya 1960.

Makala haya hayakusudii kufufua ubishi wa mwaka 1969. Yanakusudia kuchunguza swali jingine, ambalo mwalimu wa fizikia anaweza kulipeleka darasani bila ya gharama kubwa: toleo jipya la santuri ya zamani lipimwe kwa kipimo gani? Wapenzi wengi wa muziki hupima kwa usafi. Toleo lisilo na mikwaruzo wala mvumo husifiwa, na lenye mikwaruzo hutupwa. Kipimo hicho si kibaya, lakini peke yake kinaweza kumpotosha msikilizaji, kwa sababu sauti iliyo safi si lazima iwe ndiyo sauti iliyopigwa.

Safari ya sauti

Sauti ni mtetemo wa hewa. Katika studio ya miaka ya 1960 kikuza sauti kiligeuza mtetemo huo kuwa mkondo wa umeme, na mkondo ukaandikwa juu ya utepe wa plastiki uliopakwa chembechembe za oksidi ya chuma. Utepe wa kwanza ndio mama wa vyote. Kutokana nao ilifanywa nakala ya kukatia santuri, na mara nyingi nakala hiyo ilipunguzwa besi, kwa kuwa besi nzito huutupa mfuo wa santuri huku na huku hata sindano ikaruka. Nchi nyingine zilipelekewa nakala ya nakala. Kila hatua iliongeza sauti kama ya maji yanayokaribia kuchemka, na ilipunguza kidogo mitetemo ya juu, ile inayotupa mng'ao wa matoazi na herufi «s» katika mdomo wa mwimbaji.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza juu ya toleo lolote jipya ni hili: limechukuliwa kutoka utepe upi? Swali hili si jepesi. Mwaka 1978 ghala la kampuni ya Atlantic huko Long Branch, katika jimbo la New Jersey, liliteketea kwa moto pamoja na idadi kubwa ya tepu za studio. Mama akishaungua, hubaki watoto na wajukuu tu. Kuna na jambo la njia za sauti. Mpaka kufikia mwaka 1968 hivi, albamu nyingi za Marekani zilitolewa kwa namna mbili, ya njia moja na ya stirio, na wapenzi wa soul hushikilia kwamba ile ya njia moja ndiyo iliyoshughulikiwa kwa makini zaidi. Kwa santuri nyingi nakubaliana nao. Vijana walizisikia nyimbo hizo kwa redio na kwa gramafoni yenye spika moja, na mafundi walizitengeneza kwa ajili ya spika hiyo.

Kwetu Tanzania nyimbo nyingi za bendi zilirekodiwa katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, na ule utepe wa redio ndio uliokuwa mama. Joto na unyevu wa pwani si rafiki wa utepe. Gundi inayoshika oksidi hunywa maji ya hewani, ikalainika, na utepe ukipitishwa kwenye mashine hunata na kuacha unga wa kahawia, ambao ndio muziki wenyewe unaobanduka. Baadhi ya tepu za namna hii, hasa zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1970, huweza kuokolewa kwa kupashwa moto wa nyuzi 50 hivi za Selsiasi kwa saa kadhaa, kisha kunakiliwa upesi kabla hazijaharibika tena.

Uchafu ni nini?

Leo utepe uliokwisha kunakiliwa hupitishwa katika programu ya kompyuta inayosafisha. Programu husikiliza sekunde chache ambapo hapana muziki, hujifunza sura ya kelele, kisha huiondoa kelele hiyo katika wimbo mzima. Kazi hii ni ya ajabu, na ikifanywa kwa kiasi huleta manufaa. Ila kompyuta haijui muziki. Inajua tu kwamba sauti fulani ina umbo la kelele.

Mfano mzuri uko hapa hapa Ugogoni. Ilimba ya Wagogo, ambayo marehemu Hukwe Zawose aliipeleka katika majukwaa ya dunia hadi alipofariki mwaka 2003, ina vijiti vya chuma juu ya sanduku la mti. Kwenye ubao wake hutobolewa tundu, na tundu hilo huzibwa kwa utando mwembamba wa buibui. Kijiti kikipigwa, utando nao hutetemeka na kutoa mlio wa kukereza unaoifuata noti kama kivuli. Mlio huo ni sehemu ya muziki. Fundi huutafuta kwa makusudi, na utando ukipasuka huweka mwingine. Lakini ukiutazama katika picha ya masafa, umetawanyika katika mitetemo mingi ya juu, karibu sawa na mkwaruzo wa santuri. Programu iliyoamrishwa kusafisha kwa nguvu itaufagia wote. Atakayebaki ni ilimba mpole, anayelia kama kengele za saa ya ukutani, na msikilizaji wa ng'ambo atasifu jinsi sauti ilivyo safi.

Hatari ya pili ni programu ya kunyoosha noti. Noti za muziki wa Wagogo hufuata mitetemo asilia, kwa ulinganifu wa 4, 5, 6, 7, 8 na 9. Tukianzia hezi 400, tunapata 500, 600, 700, 800 na 900. Kinanda cha kizungu hakina noti ya hezi 700 katika mpango huo. Kilicho karibu nayo ni 713. Programu iliyotengenezwa kwa kipimo cha kinanda huiona ile 700 kuwa imepotoka, na huipandisha. Hezi 13 zinaonekana chache, lakini mzee yeyote wa Mtumba aliyekulia katika ngoma atatambua mara moja kwamba mwimbaji ameharibiwa. Rekodi ambazo Hugh Tracey alizinasa Tanganyika mwaka 1950, Wagogo wakiwamo, na ambazo baadaye zilitolewa upya na kampuni ya SWP ya Uholanzi, ni kipimo kizuri cha kujifunzia sikio kwa mwalimu atakayezipata.

Ushahidi wa hezi 50

Kosa kubwa kuliko yote katika matoleo mapya ni la mwendo, na ndilo lisilosikika kwa urahisi. Utepe ulionaswa kwa mwendo mmoja ukapigwa kwa mwendo wa asilimia 6 zaidi, noti zote hupanda kwa karibu nusu toni, na wimbo wa sekunde 180 humalizika kwa sekunde 170. Ulinganifu wa noti haubadiliki, kwa hiyo hapana linalosikika kuwa limepotoka. Kinachobadilika ni mtu. Koo na kinywa cha mwimbaji vina milio yake maalumu inayotegemea ukubwa wa viungo hivyo, nayo ikipanda, mwanamume wa miaka 40 husikika kama kijana wa 25. (Kinyume chake kiliwapata waliopelekewa gramafoni kutoka Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60. Mota inayofuata mapigo ya umeme, ikiunganishwa kwenye umeme wetu wa hezi 50, huzungusha santuri kwa mwendo wa tano ya sita tu, na James Brown huimba kama mtu mwenye usingizi.)

Tutajuaje mwendo wa kweli? Hapa fizikia inatoa msaada ambao wapenzi wengi wa muziki hawaufahamu. Umeme wa Dar es Salaam na Nairobi hupigapiga mara 50 kwa sekunde, na vyombo vya zamani viliuvujisha kidogo katika utepe kama mvumo mzito ulio chini ya muziki. Mvumo huo ni saa iliyofichwa. Toleo likionyesha mvumo wa hezi 53 badala ya 50, limeharakishwa kwa asilimia 6, na tunajua ni kiasi gani cha kulirudisha. Yafaa tahadhari: mashine iliyotumika kunakili utepe huweza kuongeza mvumo wake yenyewe, na hapo itaonekana mistari miwili. Tena mvumo wa jenereta ya kijijini hauaminiki, kwa maana mwendo wake hupanda na kushuka.

Na sasa msomaji ameona tatizo. Mvumo ule ndio uchafu wa kwanza kuondolewa na anayesafisha. Akishauondoa, amefuta ushahidi wa kosa lake mwenyewe.

Hukumu za wapenzi

Nilipokuwa masomoni Ulaya niliwakuta watu wazima wakibishana saa nzima juu ya namba zilizochongwa katika ukingo wa ndani wa santuri, zinazoonyesha santuri ilikatwa kutoka bamba lipi. Niliwacheka wakati ule. Sasa nawaheshimu, kwa sababu walikuwa wakiuliza swali la utepe upi. Hata hivyo sikio la mpenzi hudanganyika. Mwaka 2022 ilibainika kwamba kampuni ya Mobile Fidelity ya Marekani, iliyosifiwa na wakusanyaji wa santuri kwa kutotumia tarakimu, ilikuwa imepitisha matoleo yake mengi katika hatua ya tarakimu kwa miaka kadhaa. Waliokuwa wakiapa kwamba wanaweza kuisikia tofauti hawakuwa wameisikia. Walikuwa wameisoma kwenye jalada.

Mdanganyifu mwingine ni ukubwa wa sauti. Nakala mbili zilizo sawa kabisa zikichezwa, moja ikiwa juu kwa desibeli 1 tu, wengi wataichagua iliyo juu na kuisema ina uhai zaidi. Watengenezaji wanalijua hilo, na matoleo mengi ya tangu miaka ya 1990 yamebanwa hata sehemu ya kunong'ona ikalingana na ya kupiga kelele. Muziki wa soul huumia sana kwa jambo hili, maana nguvu zake zimo katika kupanda kutoka unong'onezi hadi kilio.

Zoezi la Kidato cha Tatu na cha Nne

Tafuteni matoleo mawili ya wimbo mmoja wa miaka ya 1960, wa bendi ya Tanzania au wa soul. Kwanza sawazisheni ukubwa wa sauti kwa kutumia programu ya simu inayopima desibeli. Kisha mwanafunzi mmoja ayacheze nyuma ya pazia, bila ya kutaja lipi ni lipi, mara kumi, na wenzake waandike chaguo lao. Anayepata 5 kati ya 10 amebahatisha. Anayepata 9 ana jambo la kutueleza.

Pili, chukueni sehemu ya mwanzo au ya mwisho, ambapo hapana ala inayopigwa, muitazame katika programu inayoonyesha masafa. Ili kutenganisha mitetemo inayopishana kwa nusu hezi mnahitaji kipande kisichopungua sekunde 2. Mkishindwa kuona mstari wa hezi 50, tafuteni wa 150, ambao ni mtetemo wa tatu wa mvumo ule ule. Kosa la mwendo huonekana hapo mara tatu zaidi. Kwa wimbo ulionaswa Memphis au Detroit tafuteni 60 na 180. Toleo moja likiwa na mstari na jingine halina, andikeni ni lipi kati ya hayo mawili ambalo darasa lilikuwa limelichagua nyuma ya pazia.

Shule iliyo na tepu zake za zamani, za kwaya au za sherehe, izinakili kwanza bila ya kusafisha chochote, kwa sampuli 96,000 kwa sekunde na biti 24, kiwango kinachopendekezwa na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, na kazi yoyote ya kusafisha ifanyiwe nakala ya pili. Faili la kwanza liwekwe na mvumo wake.