Mpaka bakuli la mbwa



Mwaka wa 8 Hijria, baada ya Makka kufunguliwa, Mtume (s.a.w.) alimtuma Khalid bin Walid kwa Banu Jadhima akawalinganie, siyo akapigane. Wale watu walitaka kusema wamesilimu, wakakosea neno. Khalid akaua, akateka. Habari zilipofika, Mtume akainua mikono akajitenga mbele ya Allah na kitendo kile. Hakusema "vita ndivyo vilivyo". Akamtuma Ali bin Abi Talib na mali. Ali akalipa diya za waliouawa na kila kilichoharibika, wapokezi wa Sira wanasema mpaka bakuli la mbwa. Akauliza: kuna anayedai bado? Hakuna. Mali iliyobaki akawaachia vilevile, isije kuwa kuna hasara ambayo hakuna aliyeijua.

Sasa tazama jirani zetu. Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani, mji wa Wakongo, na raia kwa mamia wakafa. Congo ilikuwa imeishitaki Uganda tangu 1999 kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na kesi ikaja kugusa hayo na mengine, yakiwemo ya Ituri. Uganda ikapatikana na hatia 2005. Kiasi cha fidia? Kilitajwa Februari 2022: dola milioni 325, na 225 kati yake ni kwa ajili ya watu waliouawa na kuumizwa. Septemba mwaka huo Uganda ikalipa fungu la kwanza, milioni 65. Kulipa ni kulipa, tusibeze. Ila mtoto aliyeachwa yatima Kisangani akiwa na miaka 5 alikuwa keshafika 27, na pesa zenyewe zinapita kwanza serikalini kwake.

Soma An-Nisaa aya ya 92. Hata aliyeua kwa bahati mbaya, diya inatakiwa ikabidhiwe kwa watu wa marehemu. Ali aliwafuata hukohuko kwao.

Wewe huna jeshi, sawa. Lakini una bodaboda umempa kijana akuletee hesabu. Akimgonga mtoto wa watu pale karibu na soko, utakwenda mwenyewe kwa wazazi wake, au utasema "mtafuteni dereva"?

Maswali ya diya mleteni Ustadhi kesho baada ya tarawehe, in shaa Allah.