SOMO LA AFYA: NGOZI KAVU NA UKURUTU KWA WAZEE

Mvua za Mkoa wa Tabora kwa kawaida humalizika mwezi wa Aprili, na hazirudi mpaka mwezi wa Novemba. Katika miezi hiyo ya kiangazi upepo huikausha mbuga hata udongo wake ukapasuka vipande vipande. Wazee wengi wa vijiji vilivyo kandokando ya njia ya kale ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapitia Unyanyembe kwenda Ujiji, hupatwa na jambo linalofanana na hilo katika ngozi ya miguu yao. Jambo hilo ni ukurutu wa ngozi kavu, ambao watu wengine huuita pumu ya ngozi.

Na uchukuliwe mfano wa mzee mwanachama mwenye umri wa miaka 70. Miundi yake humwasha usiku kucha. Watu wa nyumbani, wakiyaona magamba meupe, hudhani ni uchafu au upele. Jirani mmoja hunong'ona kwamba ni ukoma. Mzee huogeshwa kwa maji ya moto na kusuguliwa kwa dodoki na sabuni ya kufulia. Ngozi huzidi kupasuka. Mwishowe huona haya, hujitenga na wenzake, na mkutano mkuu wa chama hupita bila ya kura yake. Mzee huyo hakuwa mchafu, wala hakuwa na ugonjwa wa kuambukiza. Ngozi yake ilikuwa imepungukiwa na mafuta.

Chanzo cha ugonjwa

Ngozi yenye afya ni mfano wa ukuta wa tofali uliokandikwa vizuri: mafuta yake ya asili huyazuia maji ya mwili yasitoke. Kadiri mtu anavyozeeka, ngozi huwa nyembamba na mafuta hayo hupungua. Hewa kavu, joto la moto wa kuni na sabuni kali huyaondoa hata yale machache yaliyobaki. Ukuta hupata nyufa, maji hutoka, na muwasho huingia. Mwenye kujikuna hufungua njia kwa vijidudu, na jeraha huanza. Mara nyingi ugonjwa huanzia kwenye miundi, kisha mikono na mgongo.

Matunzo ya nyumbani

Kwanza, mzee aoge kwa muda mfupi, kwa maji ya uvuguvugu. Sabuni isiyo kali itumike kwapani, sehemu za siri na kwenye nyayo tu. Miundi haihitaji sabuni kila siku, wala haihitaji kusuguliwa.

Pili, ajifute kwa kubonyeza kitambaa taratibu, kisha apake mafuta papo hapo ngozi ikiwa bado na unyevu, kabla dakika 3 hazijapita. Hii ndiyo siri ya matibabu: mafuta hufungia maji ndani ya ngozi. Apake tena kabla ya kulala, na kila ngozi inapokauka.

Tatu, mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanatosha. Palipo na nta safi iliyochujwa, ambayo Tabora inasifika nayo, sehemu 1 ya nta huyeyushwa katika sehemu 5 za mafuta safi ya alizeti. Chombo kiwekwe ndani ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe, kwa kuwa nta hushika moto. Mafuta hayo yajaribiwe kwanza mahali padogo mkononi kwa siku 2.

Nne, nguo inayogusa ngozi iwe ya pamba, na isuuzwe mpaka povu la sabuni liishe. Kucha zikatwe. Mzee asiote moto kwa karibu. Aliyepaka mafuta na awe mwangalifu zaidi, maana nguo yenye mafuta huwaka upesi.

Mambo ya kuepukwa

Maji ya tumbaku yasipakwe, kwa sababu sumu yake hupenya ngozini. Dawa za kuua wadudu wa shambani, mafuta ya taa na mkorogo ni hatari vilevile. Dawa za kupaka zenye nguvu zinazouzwa madukani hutuliza muwasho kwa siku chache, lakini zikitumiwa ovyo huzidi kuifanya ngozi kuwa nyembamba. Zitumike kwa maelekezo ya mganga tu.

Wakati wa kwenda zahanati

Mzee apelekwe bila kuchelewa akiwa na usaha, homa, au mguu uliovimba. Apelekwe pia iwapo watu wa nyumba nzima wanawashwa, hasa usiku na katikati ya vidole, maana huo huenda ni upele. Baka lisilohisi mguso linaweza kuwa ukoma, ambao una dawa na hutibiwa bila malipo. Muwasho wa mwili mzima, wenye kukonda au macho ya manjano, huweza kutokana na ugonjwa wa ndani. Mwenye kutumia dawa za shinikizo la damu amwonyeshe mganga dawa hizo, lakini asiziache kwa hiari yake. Ikiwa matunzo ya majuma 2 hayakuleta nafuu, ushauri utafutwe.

Wajibu wa chama

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi katika vikundi vya kusikiliza redio na kujifunza kinga ya maradhi. Njia hiyo ya kujifunza kwa pamoja bado inafaa. Katibu anaweza kumwalika muuguzi wa zahanati kuzungumza kabla ya mkutano wa mwanzo wa kiangazi. Na mwanachama mzee anapoacha kuhudhuria, atembelewe nyumbani kabla ya jina lake kuandikwa kuwa mtoro.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini kumsugua mzee kwa sabuni kali huzidisha ugonjwa?
2. Mafuta yapakwe wakati gani, na kwa sababu gani?
3. Ni dalili zipi zinazotofautisha ukurutu na upele au ukoma?
4. Ni wanachama wangapi wazee ambao hawakuonekana katika mkutano uliopita, na nani atakwenda kuwajulia hali?